Epoksi kwenye Kitako cha Bunduki: Kazi ya Nyumbani au ya Fundi?

Bunduki ya kuwindia yenye kitako cha mbao ikianza kutawanya risasi, wengi hukimbilia epoksi. Hutandaza gundi ndani ya kitako na kulaza humo ule mwili wa chuma unaobeba mtutu na komeo, ili gundi ikikauka iwe kalibu yake kamili. Hoja yao ina msingi. Mbao hunywa unyevu, huvimba na kusinyaa, na chuma kisichokaa sawasawa husogea kidogo kila risasi inapotoka. Epoksi yenye unga wa chuma au alumini haiyumbi hivyo.

Tatizo ni kutibu kabla ya kupima. Hakikisha bunduki haina risasi, kisha legeza polepole skrubu ya mbele inayofunga mwili huo wa chuma kwenye kitako, kidole kikiwa kwenye mwanya kati ya mtutu na ncha ya kitako. Ukihisi mtutu unainuka, skrubu ilikuwa inakipinda chuma, na hapo epoksi ina kazi. Usipoinuka, anza kwanza na skrubu za darubini, aina ya risasi, au mbao inayogusa mtutu.

Wanaopinga kazi hii kufanyiwa nyumbani huogopa chuma kunasa moja kwa moja, na wana haki ya kuogopa. Nta inayopakwa ili gundi isishike chuma haitoshi peke yake. Epoksi ikipenya tundu la pini au nafasi ya kifyatulio ikagandia humo, imekwisha kufunga hata kama haijashika chuma. Ndiyo maana kila tundu hujazwa plastisini, na skrubu nazo hupakwa nta. Jino la chini linalopokea teke la bunduki hubandikwa utepe mbele, pembeni na chini. Uso wake wa nyuma pekee ndio uguse gundi. Na skrubu zisikazwe kwa nguvu gundi ikiwa mbichi, maana mpindo uleule uliokuwa ukiuondoa utaganda ndani ya kalibu.

Kwangu mimi, mwenye subira ya kuandaa aifanye mwenyewe, kwani sehemu kubwa ya kazi hii ni maandalizi na kusubiri, mara nyingi saa 24. Ila bunduki ya kale yenye kitako chake cha asili nisingeigusa. Kuweka epoksi hudai kuchimba mbao, na mbao iliyochimbwa hairudi. Hiyo apelekewe fundi bunduki, naye aulizwe kwanza kama inahitaji epoksi kabisa.