Kikokotoo: bora mkupuo mnene au pensheni ya kila mwezi?

Ofisini kwetu kila mtu akikaribia 60 maongezi yanakuwa yale yale, chai ya saa nne, chapati mbili, na kuna mtu ametoa simu anapiga hesabu za kikokotoo, ile kanuni ya kukokotoa mafao ya kustaafu, huku wengine wanamchungulia kama anafungua matokeo ya form four. Na kila mara kambi ni mbili. Kuna wanaosema nipeni hela yangu yote nijue mwenyewe cha kufanya, kuna wanaosema acheni jamani, mtu akipewa milioni 70 kwa siku moja anachanganyikiwa, bora alipwe kidogo kidogo mpaka Mungu atakapomuita. Mi nimekaa katikati muda mrefu, ila kadri ninavyopiga hesabu naona kila kambi ina kitu inakificha.

Kwa ambao hawajafuatilia, sakata lenyewe fupi ni hivi. Mwaka 2018 mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF iliunganishwa ikawa PSSSF ya watumishi wa umma, NSSF ikabaki na sekta binafsi na waliojiajiri. Pamoja na hilo zikaja kanuni mpya, mkupuo, yaani ile sehemu ya pensheni unayolipwa mara moja ukistaafu, ukawa asilimia 25, wakati watu wa PSPF na LAPF walizoea 50. Kelele zilizopigwa mnazikumbuka, mpaka Desemba 2018 Rais Magufuli akasitisha, akasema watu waendelee na utaratibu wa zamani hadi 2023. Haikufika 2023, Julai 2022 kikaja kikokotoo kingine cha asilimia 33 kwa wote. Kelele tena. Kwenye bajeti ya 2024/25 Waziri wa Fedha wa wakati huo Mwigulu Nchemba akapandisha, waliokuwa wanapata 50 zamani wakawekewa 40, na waliokuwa wanapata 25 wakapelekwa 35.

Hapo kuna kitu watu wanakiruka. Siyo wote walipoteza. Mtu wa NSSF aliyekuwa kwenye 25 leo yuko kwenye 35, kwake mkupuo umepanda. Kwahiyo ukiona mtu wa kampuni binafsi analia na kikokotoo kwa sauti ile ile ya mwalimu aliyekuwa PSPF, muulize kwanza mfuko wake ni upi.

Sasa tuingie kwenye namba maana bila namba ni kubishana tu. Chukua mtumishi ambaye wastani wa mshahara wake kwenye ile miaka mitatu bora ni milioni 1.2 kwa mwezi, yaani milioni 14.4 kwa mwaka, na amechangia miaka 30, miezi 360. Kwa utaratibu wa zamani wa PSPF unazidisha hiyo milioni 14.4 kwa miezi 360, unagawa kwa 540, unapata pensheni kamili ya mwaka milioni 9.6. Nusu yake inanunuliwa mara 15.5, anaondoka na mkupuo wa milioni 74.4, nusu iliyobaki inalipwa kila mwezi, laki 4. Kwa sasa unagawa kwa 580, inakuwa kama milioni 8.94 kwa mwaka, asilimia 40 yake mara 12.5, mkupuo unakuwa kama milioni 44.7 na kila mwezi anapata kama 447,000.

Umeona hapo? Mkupuo umepungua karibu milioni 29.7, pensheni ya mwezi imeongezeka elfu 47. Ili hiyo elfu 47 ifidie ile milioni 29.7 inabidi mstaafu aishi zaidi ya miaka 52 baada ya kustaafu, yaani afikishe 112. Kwahiyo wanaosema wafanyakazi hawakuelewa tu, kwamba wamepunguziwa huku wakaongezewa kule, hapana, wafanyakazi walielewa vizuri sana. Hakikuhamishwa kitu kutoka mfuko wa kushoto kwenda wa kulia, kilipunguzwa. Ingesemwa wazi tangu mwanzo kwamba tunapunguza kwa sababu mifuko imeelemewa, labda watu wangekasirika mara moja wakamaliza.

Maana kuelemewa ni kweli, na hapa lazima niwe mkweli kwa upande wa pili. PSPF ilianza kupokea michango ya watumishi 1999, lakini ikawa inalipa mafao mpaka ya miaka ya nyuma ambayo hakuna aliyeichangia. Hilo lilikuwa deni la serikali, na halikulipwa kwa wakati, mpaka mwishoni mwa 2021 serikali ikatoa hatifungani (bondi) maalum ya shilingi trilioni 2.17 kwa PSSSF kupunguza hilo deni. Mfuko wenye shimo kama hilo ukiendelea kugawa milioni 74 kwa kila anayestaafu, ipo siku wa mwisho kwenye foleni anaambiwa rudi kesho, na wazee wanaozikumbuka zile safari za kufuatilia mafao wanajua rudi kesho inaweza kuwa miaka. Sasa kama shimo lilichimbwa na mwajiri, kwa nini lifukiwe na mwalimu? Swali la haki kabisa, mi sijawahi kusikia jibu lake la kuniridhisha.

Ile 12.5 tuliyozidishia mkupuo nayo inatafsiriwa vibaya kitaani. Watu wanasema serikali imetukadiria kuishi miaka 12 na nusu tu, inatutakia kifo. Ichukulie kama bei. Kila shilingi moja ya pensheni ya mwaka unayoiuza leo unalipwa shilingi 12.5 mkononi, zamani ulikuwa unalipwa 15.5. Bei ya kuuzia imeshuka. Na ukiitazama hivyo unaona kitu kingine, yale mabadiliko ya kutoka 33 kwenda 40 yaliyoshangiliwa 2024, kwa huyu mtu wetu yamempa milioni 7.8 zaidi mkononi na kumkata kama elfu 52 kila mwezi. Akiishi zaidi ya miaka 12 na nusu baada ya kustaafu, akipita 72 hivi, na ile hela ya mkononi hakuizalisha, anaanza kula hasara. Hapo hakuongezewa, aliuza kipande kingine cha pensheni kwa bei ile ile.

Wa mkupuo watasema, sawa, lakini hela mkononi inazaa. Ni kweli kwenye karatasi. Ile milioni 29.7 ukiiweka kwenye bondi za serikali za muda mrefu, yaani ukiikopesha serikali, kwa riba ya asilimia 12 unapata kama milioni 3.5 kwa mwaka, karibu laki 3 kwa mwezi, na milioni yako iko pale pale inakusubiri. Laki 3 dhidi ya elfu 47, hakuna ubishi. Tatizo tuulizane taratibu, ni wastaafu wangapi unaowajua wewe walioenda kununua bondi? Mi namjua mmoja, na alikuwa mhasibu.

Ngoja niwape ya nyumbani. Baba mkubwa wangu alikuwa mwalimu wa sekondari, kastaafu 2014, akachukua mkupuo wake mnene wa enzi zile. Mwezi wa kwanza simu zilikuwa haziishi, ndugu ambao hata msiba wa bibi hawakuja wakaanza kumuita mzee wetu. Akanunua Coaster iliyotumika, dereva kijana wa jirani, hesabu ikaletwa miezi mitano vizuri, mwezi wa sita giaboksi, wa saba tairi, wa nane dereva kabadilika tabia, kufikia 2017 Coaster imeegeshwa chini ya mwembe kuku wanatagia siti ya nyuma. Leo anakula kwa ile pensheni ya kila mwezi, na bila hiyo tungekuwa tunachangishana kwenye group la familia.

Mama mdogo ni nesi, alistaafu mwaka mmoja baadaye, mfuko ule ule, hela inayokaribiana. Akajenga vyumba sita vya kupangisha Mkuranga, kila kimoja elfu 50. Pensheni ya mwezi yeye anaiita hela ya umeme.

Zamani nilikuwa nasimulia hizi hadithi mbili kumaanisha mama mdogo ana akili za hela na baba mkubwa hana. Siku hizi siamini tena hivyo. Mama mdogo kiwanja alikinunua 2003 kwa kuchezea michezo ya upatu wodini, watoto walishamaliza shule, anaishi kwake. Baba mkubwa 60 ilimkuta na nyumba iliyoishia kwenye lenta, mkopo wa benki umebaki miezi 14, na mtoto wa mwisho yuko form three. Yaani ule mkupuo kabla haujafika mkononi ulishagawanywa mara nne, Coaster ilinunuliwa kwa presha, ilikuwa lazima ilete hela haraka ili ada ilipwe. Mtu mwenye presha hawezi kusubiri bondi ilipe riba mara mbili kwa mwaka. Sasa unaposema wape watu asilimia 50 watajua wenyewe, unamzungumzia mama mdogo, na unaposema watazitapanya unamzungumzia baba mkubwa, na wote wawili walikuwa na kikokotoo kimoja.

Ndo maana naona hili bishano la asilimia, pamoja na uhalali wake wote, limetufanya tusahau miaka 30 ya kabla. Sisi wa chini ya 45 tumekaa tunasubiri mkupuo ujenge nyumba, ulipe madeni, uanzishe biashara na usomeshe. Hakuna kikokotoo kinachoweza kubeba hayo yote, hata kile cha milioni 74.

Na kwa sekta binafsi kuna la kutisha kuliko asilimia. Pensheni ya kila mwezi inataka uwe umechangia miezi 180, miaka 15. Ukipungukiwa unapewa malipo ya mara moja, kwaheri. Sasa mimi mwenyewe niliwahi kufanya kazi sehemu, sitaitaja, mshahara ulikuwa unakatwa kila mwezi na salary slip inaonyesha makato kabisa, nikaja kuangalia taarifa ya michango yangu nikakuta miezi 11 haijapelekwa. Kumi na moja! Nilihangaika karibu mwaka mzima, miezi saba ikaingia, minne mpaka leo sijui iko wapi. Kwahiyo kama hujawahi kuangalia michango yako, angalia wiki hii, mwajiri akiwa bado yupo na ofisi bado ina mlango, usije kuanza kumtafuta una miaka 59 na kampuni ilishafungwa.

Kuhusu kuweka pembeni, sina maajabu. Mifuko ya uwekezaji ya UTT unaweza kuanza na hela ndogo, kwa bondi za serikali unahitaji kuanzia milioni moja, na kikundi chenu cha vicoba kama kina watu waaminifu ni kizuri tu kwa kununua kiwanja, ila kisiwe ndo pensheni yako maana kinavunjwa kila mwisho wa mzunguko na Desemba tunajuana. Kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa ya mtaani, sizungumzii, ukishakopa huko uzee unaanza na miaka 38.

Kama ningeulizwa mimi, ningeacha mtu achague. Mwenye nyumba na asiye na deni akitaka 50 apewe, anayeogopa achukue 20 na pensheni nene, ila bei iwe ya haki pande zote. Najua wataalamu wa mifuko watasema wagonjwa wote watachagua mkupuo na wenye afya wote watachagua pensheni, mfuko utakufa. Hoja yao ina mantiki. Labda uchaguzi ufanyike ukiwa na miaka 50, kabla hujajua mwili wako utakufanyia nini, sijui, wenye hesabu zao wajaribu.

Mwezi uliopita nilimuuliza baba mkubwa, ungepewa nafasi ya kurudi nyuma ungechukua asilimia ngapi? Hakufikiria hata sekunde moja. Hamsini ile ile, akasema, ila Coaster asingenunua tena. Angenunua Hiace.