Mbuzi Mdogo wa Maziwa Ndiye Anayetufaa Magharibi

Mkulima wa Vihiga, Kakamega au Kisumu, magharibi mwa Kenya, anayetaka kuanza kufuga mbuzi wa maziwa hupewa ushauri ule ule: tafuta beberu wa Toggenburg au Alpine wa Kijerumani, aina kubwa za mbuzi wa maziwa kutoka Ulaya, mpandishe kwa mbuzi wako wa kienyeji, kisha mabinti watakaozaliwa uwapandishe tena kwa beberu wa kigeni, na uendelee hivyo kizazi baada ya kizazi mpaka damu ya kienyeji ibaki kidogo sana. Mimi nafuga mbuzi Emuhaya, huku Vihiga, katika shamba la familia ambalo limegawanywa kwa warithi mara nyingi, na naamini kwa dhati kwamba ushauri huo hautufai. Tunachohitaji huku ni mbuzi wa maziwa mwenye umbo dogo, na tunaweza kumpata tukiamua kumzalisha kwa makusudi.

Tuanze na ardhi, kwa sababu ndiyo inayoamua mengine yote. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 590,013 katika Kaunti ya Vihiga, yaani zaidi ya watu 1,000 katika kila kilomita ya mraba. Familia nyingi hulima eneo lisilofika ekari moja, na katika eneo hilo pana nyumba, mahindi, maharagwe, migomba, mboga na pengine majani chai. Lishe ya mifugo hupandwa kwenye mipaka, kwenye makinga maji na kando ya njia. Nepia, nyasi ndefu ya malisho ambayo wengi wetu tuliitegemea, imeshambuliwa kwa miaka mingi na ugonjwa wa kudumaa unaoenezwa na wadudu wadogo wafyonzao utomvu; shina lililoambukizwa hutoa majani mafupi ya manjano na hatimaye hukauka. Sasa tazama hesabu ya lishe. Mbuzi anayekamuliwa huhitaji chakula kikavu cha takriban asilimia 4 ya uzito wake kila siku. Toggenburg wa kilo 55 atataka zaidi ya kilo 2 za chakula kikavu, ambazo ni kama kilo 11 za majani mabichi, ilhali chotara mdogo wa kilo 30 atatosheka na kilo 6 hivi. Mtu hujikuna ajipatapo. Mkulima anayekata majani kwa panga na kuyabeba kichwani kila jioni huijua tofauti hiyo shingoni mwake kabla ya kuiona kwenye karatasi.

Sisemi kwamba mbuzi mkubwa ni mbaya. Mwenye ekari kadhaa kule Njoro au Rongai, katika Kaunti ya Nakuru, anayeweza kupanda majani ya lusenu na kununua chakula cha madukani bila kukopa, atapata maziwa mengi kwa mbuzi mkubwa, na namtakia heri. Lakini mbuzi mkubwa asiyeshibishwa hutoa maziwa machache kuliko mdogo aliyeshiba, hukonda baada ya kuzaa, huchelewa kushika mimba tena, na huwa wa kwanza kulazwa na minyoo msimu wa mvua. Nimewaona mbuzi wa aina hiyo katika maboma mengi, wakiwa wameletwa na miradi yenye nia njema, mifupa ya nyonga ikiwa imewatokeza, na wafugaji wao wakiwa wamekata tamaa na ufugaji wote.

Wapo wanaodhani kwamba udogo na maziwa havikai pamoja. Jibu lao limo katika historia ya mbuzi wafupi wa Afrika Magharibi. Mbuzi hao walipelekwa Marekani, na wafugaji wa huko wakawachagua kwa vizazi vingi kwa kuangalia kiwele, chuchu na kiasi cha maziwa, mpaka wakapata mbuzi anayeitwa Nigerian Dwarf, ambaye mnamo mwaka 2005 aliingizwa katika daftari la chama kikuu cha wafugaji wa mbuzi wa maziwa wa nchi hiyo. Jike la aina hiyo halipaswi kuzidi sentimita 57 begani, wakati jike la Toggenburg halipaswi kupungua sentimita 66. Akitunzwa vizuri hutoa lita moja hadi mbili kwa siku, na mafuta katika maziwa yake hufika asilimia 6 na zaidi, karibu maradufu ya yale ya Toggenburg. Mbuzi wetu mdogo wa Afrika Mashariki ana kimo kisichotofautiana sana na cha huyo, na amezoea jua letu, mvua zetu na kupe wetu. Kinachomtenganisha na yule wa Marekani ni kwamba huyu wa kwetu amechaguliwa kwa ajili ya nyama na ustahimilivu tu, na ni nadra kumkuta mtu aliyempima maziwa.

Wala wazo la kumzalisha mbuzi wa mkulima mdogo halikutoka mbali. Katika miaka ya 1980 watafiti waliokuwa Maseno, jirani na kwetu, walishughulikia jambo hilihili, na matokeo ya kazi hiyo yalikuwa mbuzi wa Kenya wa matumizi mawili, nyama na maziwa, aliyechanganywa damu ya aina nne za mbuzi, yaani Afrika Mashariki, Galla, Toggenburg na Anglo-Nubian, kwa viwango sawa, na kuzalishwa Ol Magogo karibu na Naivasha. Inanisikitisha kwamba katika vijiji vinavyopakana na Maseno yenyewe, mkulima wa leo hajui kwamba mbuzi huyo aliwahi kuwapo, na bado anaambiwa kwamba njia pekee ni kupandisha damu ya kigeni.

Rai yangu ni kwamba mkulima mwenye eneo dogo asimame kwenye nusu ya damu ya kigeni, na aanze kuchagua hapo. Uzao wa kwanza kati ya beberu wa kigeni na jike la kienyeji hupata nguvu ya uchotara, yaani ule ustawi unaotokana na kuchanganya damu mbili tofauti, kwa ukamilifu wake. Kila unaporudia kupandisha kwa beberu wa kigeni nguvu hiyo hupungua, mwili huongezeka na mahitaji huongezeka pamoja nao. Ukiwapandisha machotara wa nusu kwa nusu wao kwa wao, watoto hawatalingana: wengine watakuwa wakubwa, wengine wadogo, wengine wenye kiwele kizuri na wengine wa kuchinjwa. Wengi huona tofauti hizo kama hasara, nami naziona kama mali, kwa kuwa hapo ndipo mfugaji anapopata cha kuchagua. Chagua jike mdogo wa mwili mwenye kiwele kilichoshikana vizuri na tumbo, chuchu mbili zinazoshikika, na maziwa yasiyokatika mapema.

Hilo la maziwa kutokatika haliwezi kujulikana kwa macho. Lazima mtu apime. Siku moja katika wiki, watenge watoto usiku kucha, ukamue asubuhi na uandike kiasi kwenye daftari pamoja na jina la mbuzi na tarehe aliyozaa. Kazi ni ndogo, nayo ndiyo inayomtofautisha mzalishaji na mtu anayeongeza idadi tu. Mbuzi anayetoa lita moja na nusu mwezi wa kwanza kisha akakauka mwezi wa nne ni duni kuliko yule anayetoa lita moja kwa miezi minane, lakini bila daftari wa kwanza ndiye atakayesifiwa na kuachiwa watoto.

Beberu ndiye anayehitaji uangalifu kuliko wote, maana jike huacha watoto wachache kwa mwaka na beberu mmoja huacha kijiji kizima. Asichaguliwe kwa ukubwa wa kifua chake. Ulizeni mama yake alikamuliwa kiasi gani na kwa muda gani, na dada zake wana viwele vya namna gani. Asiye na majibu hayo ahasiwe, hata awe na pembe za kupendeza. Na kuhusu pembe, kuna jambo ambalo wauzaji katika soko letu la Luanda, Vihiga, hawatakuambia. Beberu asiye na pembe tangu kuzaliwa akipandishwa kwa jike ambalo nalo halina pembe tangu kuzaliwa, baadhi ya watoto huweza kuzaliwa huntha, yaani wenye dalili za jike na dume pamoja, wasioweza kuzaa kamwe. Mmoja wa wazazi awe na pembe, na tatizo hilo linaepukika. Aidha, jike changa huweza kushika joto, yaani kuwa tayari kupandwa, akiwa na miezi sita au hata kabla yake, kwa hiyo beberu anayetumiwa kwa zamu na wafugaji wa kikundi kimoja anapaswa kuhamishiwa kikundi kingine kabla ya mabinti zake kufikia umri huo, na vitoto vya kiume vitengwe na mama na dada zao vinapokaribia miezi mitatu.

Ukubwa wa beberu una uzito pia siku ya kuzaa. Mbuzi hubeba mimba kwa siku 150 hivi, na mara nyingi huzaa mapacha, jambo ambalo hupunguza ukubwa wa kila mtoto. Lakini jike mdogo wa mara ya kwanza mwenye mtoto mmoja wa beberu mkubwa yumo hatarini kweli, hasa akishindiliwa chakula cha nguvu wiki za mwisho. Jike asipandishwe kabla hajafikisha theluthi mbili za uzito wa utu uzima, na mara ya kwanza apewe beberu asiyemzidi sana kwa umbo. Mtoto akishazaliwa, anyonye dang'a, yale maziwa mazito ya kwanza ya mama, ndani ya saa chache za mwanzo. Hakuna dawa ya kuifidia.

Kuhusu banda, mvua ya huku haituachi na hiari: sakafu ya mbao iliyoinuliwa juu ya ardhi, yenye mianya ya kupitisha kinyesi, na malisho yaning'inizwe yasikanyagwe. Majani ya miti ya malisho, kaliandra na lukina, ni chakula kizuri, lakini kaliandra isizidi thuluthi moja ya malisho.

Nasikitishwa pia na wale wanaouza maziwa ya mbuzi kama dawa ya kila ugonjwa. Ni chakula bora chenye protini na mafuta, na hiyo ni sifa ya kutosha. Hayafai kuwa mbadala wa maziwa ya mama kwa mtoto mchanga, kwa kuwa yana folati, aina ya vitamini B, kidogo mno, na mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi hudhurika na ya mbuzi vilevile. Yachemshwe kabla ya kunywewa, maana ugonjwa wa brusela, ambao mtu huupata kwa kunywa maziwa mabichi, haubagui.

Serikali za kaunti zetu hununua mbuzi na kuwagawia vikundi vya akina mama na vijana, na mimi naunga mkono matumizi hayo ya fedha za umma. Naomba tu kwamba tangazo la zabuni lisitaje aina na uzito pekee. Litake kumbukumbu za maziwa za mama wa kila beberu, liruhusu machotara wa umbo dogo waliozalishwa na wakulima wa kaunti hiyohiyo, na lipange tangu mwanzo ni kikundi gani kitakachompokea beberu kabla mabinti zake hawajakomaa na ni nani atakayelipa gharama ya kumsafirisha.