Nembo Inakuja, Nembo Inakwenda

Jamani, simu yangu leo imeamua kupiga hodi tu bila kuingia. Inawaka, inaonyesha nembo, inatetemeka kidogo kwa adabu, inazima. Inawaka tena. Na tokeni ya LUKU niliyonunua usiku imo humohumo. Mita inalia, mama watoto analia, friji peke yake ndiyo imenyamaza.

Chanzo ni mpwa wangu. Anasoma kompyuta chuoni, mwaka wa kwanza, na hao wa mwaka wa kwanza ndio hatari. Alikuja kutusalimia, akaishika simu, akaguna: "Anko, imejaa makorokoro ya kiwandani. Ngoja niiruti." Akairuti, yaani akavunja kufuli za kiwandani ili awe na mamlaka yote ndani ya simu. Siku ileile programu ya benki ikakataa kufunguka, eti kifaa hiki si salama, nikazuiwa kuona akaunti ambayo, tuseme ukweli, haikuwa na cha kuibwa. Jana akaongeza moduli, kijiprogramu cha kupachika kwenye simu iliyorutiwa, eti cha kupendezesha herufi. Nani alimwambia herufi zangu zina shida?

Nampigia kwa simu ya mama watoto: "Shikilia pawa na sauti ya juu, Anko." Nikashikilia. Kikatokea kiroboti kimelala chali, kifua wazi, juu yake pembetatu nyekundu. Nikavaa shati la heshima, nikaenda Kariakoo.

Fundi wa kwanza: bodi imekufa, niuzie spea. Wa pili: njoo kesho. Wa tatu, mtaa wa Aggrey, kijana wa kofia nyuma ya meza ya kioo, aliitazama akaniuliza, "Nani aliiruti?" kwa sauti ya daktari anayeuliza nani kampa mtoto dawa ya kienyeji.

"Tufute yote, mzee. Inarudi mpya."

"Na picha?"

"Zinaondoka."

"Na simu ikiwaka?"

"Itakuuliza Gmail yako na neno la siri."

Hilo neno la siri analo binti aliyeniuzia simu. Alishaolewa, yuko Tunduma.

Nikampigia mpwa, nikaweka spika. "Fundi, usifute! Moduli ndiyo mbovu. Rudisha faili la buti la asili tu, lile la kuiwasha simu, data zitabaki."

"Huyu nani?" fundi akauliza.

"Mpwa wangu."

"Mwambie faili lazima lilingane na toleo la simu. Toleo gani?"

"Mwambie liko kwenye mipangilio."

"Mwambie mipangilio iko ndani ya simu, na simu haifunguki."

Wanasikiana vizuri, lakini kila mmoja anapitia kwangu, mimi mtu mzima na mvi zangu nimesimama juani natumwa mshenga. Boksi? Boksi lina nyuzi za kushonea za mama watoto. Mwishowe fundi akamfufua yule kiroboti kwa vidole viwili, ikatokea skrini nyeusi, na juu kabisa vijiherufi vidogo. Akavaa lenzi, akasoma namba moja moja, jirani yake akiandika kwenye karatasi ya maandazi.

Sasa faili lenyewe halifiki MB 100, lakini limefichwa ndani ya furushi la GB 4. Bando la wiki la mama watoto likaondoka hivihivi, naliona. Halafu ule waya! Shingo imekatika, imefungwa selotepu, ukitikisika kidogo kompyuta inasema haijaona simu. "Usiegemee meza, mzee. Hata kupumua, pumua kule." Kompyuta ikakubali, fundi akagusa kitufe cha kutuma, na guta la marobota ya vitenge likapita likaparua meza.

Sote tukaganda. Waya haukuchomoka.

Nembo ikaja. Ikakaa. Ikakaa tena, mpaka nikaanza kuichukia. Kisha ile picha ya harusi ya kaka yangu, na SMS zikamwagika: tokeni, halafu kamati ya harusi, kamati ya harusi, kamati ya harusi. "Ndugu, tunakumbushia ahadi yako." Hivi ahadi hiyo niliitoa lini? Nilisema nitaangalia! Na kadi zenyewe siku hizi, ya mtu mmoja bei yake, ya wawili bei yake, ukifika ukumbini unakalishwa karibu na jenereta, chakula kikikufikia zimebaki ndizi na kachumbari, na MC anakudai ucheze. Nicheze nimekula nini?