Mchezaji wa Tenisi ya Meza Hakuzwi kwa Mtindo wa Iten

Kila Wakenya wanapozungumzia kukuza vipaji katika michezo mingine, mfano unaoletwa ni ule ule wa Iten, mji wa wakimbiaji wa mbio ndefu: mpe kijana mlima, kocha na viatu, kisha umngoje uwanja wa ndege akirejea na medali. Kwa maoni yangu, mfano huo ukihamishiwa kwenye tenisi ya meza hautazaa chochote, kwa sababu mkimbiaji anaweza kufanya mazoezi dhidi ya saa, na saa ya Iten ni ile ile ya Berlin, ilhali mchezaji wa tenisi ya meza hukua kwa kadiri ya wale anaocheza nao.

Ingia katika ukumbi wowote wa kijamii wa Eastlands, Nairobi, wenye meza, Jumamosi jioni, umtazame kijana anayesifiwa kuliko wote. Anaanzisha mpira kwa msokoto wa pembeni ulio mkali kwelikweli, lakini wenzake wameuzoea kiasi kwamba wanajua utaangukia wapi kabla haujavuka wavu, naye anawajua wao vivyo hivyo, basi wanashindana kwa zamu mwaka baada ya mwaka. Itazame na raketi yake. Raba inayoifunika imezeeka, imeanza kung'aa, na mpira wa gramu 2.7 unateleza juu yake badala ya kunaswa. Mchezaji wa kulipwa hubadilisha raba mara kwa mara, hata kabla macho ya kawaida hayajaona kasoro. Huyu wetu hungoja mpaka mtu atoke ng'ambo.

Quadri Aruna wa Nigeria ndiye Mwafrika wa kwanza kufika robo fainali ya Olimpiki katika mchezo huu, mjini Rio mwaka 2016, alipomtoa Timo Boll wa Ujerumani kabla ya kushindwa na Ma Long wa Uchina. Mwaka 2022 aliingia katika kumi bora duniani. Watu husimulia kipaji chake, nami sikikatai, ila ninaloliona kubwa zaidi ni kwamba alichezea klabu za Ureno na Ujerumani, ambako mchezaji hulipwa mshahara na klabu, hucheza ligi dhidi ya watu wa mitindo mbalimbali, na kati ya mechi hufanya mazoezi na wenzake wa kiwango chake au zaidi. Zawadi za mashindano huwafaa zaidi walio juu kabisa. Kwa wengi wa walio chini yao, ligi ndiyo kazi yenyewe.

Hapa kwetu, njia inayoeleweka kwa mwanamichezo ni kuajiriwa na vikosi vya usalama. Ni njia ya heshima na inalisha familia, lakini kwa tenisi ya meza inamrudisha kijana kwenye wapinzani wale wale.

Wazazi huuliza kama hii ni kazi ya kudumu. Ni swali la haki, na jibu lake ni zuri kuliko la kandanda: Funke Oshonaike wa Nigeria alishiriki Olimpiki saba, na Ni Xia Lian alishinda mechi akiichezea Luxembourg huko Paris mwaka 2024 akiwa na umri wa miaka 61.

Ningependa basi sehemu ya fedha zinazotumika kupeleka timu nzima kwenye mashindano ya siku chache, ambako wengi hutolewa mapema, iwalipie mvulana mmoja na msichana mmoja msimu mzima katika ligi ya chini ya Ujerumani au Ufaransa. Waende baada ya sekondari, maana mzazi wa Nairobi hatakubali vinginevyo, hata kama makocha watanung'unika kwamba umri huo umechelewa. Waende wakiwa na barua ya klabu, na awepo mtu wa kufuatilia viza yao ubalozini, kwa kuwa hiyo nayo si kazi ya kumwachia kijana peke yake.