Vepu Zidhibitiwe Bandarini Kwanza

Kwa kuwa afya si jambo la Muungano, kanuni ya kudhibiti sigara za kielektroniki, ambazo vijana huziita vepu, itabidi Zanzibar ijitungie yenyewe, na kwa maoni yangu ni bora itungwe sasa, biashara hii ikiwa bado changa. Sina shaka kwamba Serikali inapaswa kuingilia kati, maana kifaa chenye nikotini na ladha ya embe hakiwezi kuachwa kiuzwe kama peremende. Linalonishughulisha ni nani atakayebeba hasara siku kanuni hiyo itakapoanza kutumika.

Mara nyingi atakayeibeba ni muuzaji wa rejareja. Mwagizaji huwa keshauza mzigo wake na keshalipwa, ilhali mwenye kibanda Darajani au Mlandege ndiye anayebaki na mali kabatini, pengine aliyoinunua kwa mkopo, na ukaguzi huanzia kwake kwa sababu ndiye anayeonekana. Uingereza ilitangaza nia ya kupiga marufuku vepu za kutumika mara moja na kutupwa mnamo Januari 2024, na marufuku yenyewe ikaanza tarehe 1 Juni 2025. Muda wa aina hiyo humwezesha muuzaji kumaliza mali aliyonayo bila kuagiza nyingine, na sioni sababu ya muuzaji wa Unguja au Pemba kunyimwa nafasi kama hiyo.

Jambo la pili, ambalo naliona zito zaidi, ni namna kanuni inavyoitaja bidhaa yenyewe. Mwaka 2020 Marekani ilizuia ladha tamu katika vepu za kubadilisha kichupa, ikaziacha zile za kutupwa, na vijana wakahamia huko huko kulikoachwa wazi. Umoja wa Ulaya, kwa mwongozo wake wa mwaka 2014, ulichagua vipimo: nikotini isizidi miligramu 20 kwa mililita moja, tangi lisizidi mililita 2, na chupa ya kujazia isizidi mililita 10. Kanuni ya namna hii hupimika maabara, kwa hiyo mzigo unaweza kukaguliwa bandarini Malindi kabla haujafunguliwa, na muuzaji akajua kwamba kilichomfikia kimeshapita. Iandikwe pia bayana kama mwenye kazi hiyo ni Taasisi ya Viwango (ZBS) au Wakala wa Chakula na Dawa (ZFDA), kwani sote tunajua inavyokuwa mfanyabiashara anapozungushwa baina ya ofisi mbili, kila moja ikimtaka alete karatasi ya mwenzake.

Wako wanaotaka marufuku kamili, na wana mifano ya kutosha: Singapore, India, na hapa jirani Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2015. Nawaelewa, hasa nikifikiria wanafunzi. Lakini visiwa vyetu vina bandari bubu nyingi, na historia ya karafuu inatufundisha jinsi magendo yanavyofanya kazi. Kwa miaka mingi karafuu ya Pemba ilivushwa usiku kwenda Mombasa licha ya doria, kwa sababu bei ya huko ilikuwa bora, na hali ilianza kubadilika pale Serikali ilipompandishia mkulima bei mwaka 2011. Vepu ni nyepesi kuliko gunia la karafuu na hufichika mfukoni. Ikipigwa marufuku kabisa, mtumiaji ataipata kwa bei ya juu zaidi, bila ya kujua ndani mna nini, na muuzaji atakayemhudumia hatamuuliza umri.

Mtu mzima aliyekwisha kuacha sigara kwa kutumia vepu naye yumo katika hesabu hii. Mamlaka za afya za Uingereza humshauri mvutaji mzima ahamie huko kama njia ya kuacha, ilhali Shirika la Afya Duniani linasisitiza udhibiti mkali. Sitaki kuamua ugomvi huo hapa. Natambua tu kwamba mtu huyo, akinyimwa vepu, atakuta sigara za kawaida zinauzwa mojamoja katika duka la jirani yake, na hiyo siwezi kuiita hatua ya kulinda afya.

Kwa hiyo ningependelea leseni maalumu ya kuuza, yenye ada ambayo duka dogo linaimudu, na sharti la kuonyesha kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, au pasi kwa mgeni, kabla ya kuuziwa. Vepu za kutupwa zizuiwe kuingia kabisa, kwani kila moja ina betri ya lithiamu ambayo hatimaye itafika jaa la Kibele ikiwa imechanganyika na maganda ya ndizi. Zile zitakazokuwa zimeshaingia, mwagizaji alazimishwe kuzichukua kutoka kwa wauzaji na kuwarejeshea fedha zao, kwa kuwa jina lake limo katika hati za forodha na si vigumu kumpata.