Kiuno hakihesabu mpaka nane

Lubumbashi, mji wa shaba ulioanzishwa 1910 huko Katanga, kusini mwa Kongo, ulijazwa na watu waliofuata kazi ya mgodi: Waluba wa Kasai, Wabemba, hata watu wa Ruanda-Urundi. Kila kundi lilikuja na ngoma yake. Ndiyo maana wazo la kuwakutanisha vijana wa makabila mbalimbali kwa ngoma za asili linapendwa sana hapa.

Wanaolitetea wana hoja. Kijana aliyekulia mitaa yetu ya Kenya au Katuba kwa Kiswahili cha mjini mara nyingi hajui lugha ya babu yake, na wimbo wa ngoma humpa maneno yake ya kwanza ya Kiluba au Kibemba. Tena mwimbaji Tshala Muana, aliyezaliwa mjini humu 1958, aliifanya mutuashi, ngoma ya kiuno ya Wakasai, ichezwe na watu ambao hawakuwahi kuiona Kasai.

Hapo hapo ndipo hoja ya wapinzani inapouma. Mutuashi ilikuwa imeshapendwa kote, na bado 1992 na 1993 watu wa Kasai walifukuzwa Katanga kwa maelfu. Kuzungusha kiuno pamoja harusini hakukuzuia mkono wa mtu. Ng'ambo ya mpaka, huko Luanshya, mji wa shaba wa Zambia, wafanyakazi wa miaka ya 1950 walicheza ngoma ya kalela wakiwa wamevaa suruali zilizopigwa pasi, wakipiga ngoma za mapipa ya mafuta yaliyowambwa ngozi ya ng'ombe; nyimbo zao zilisifu kabila lao na kuyatania mengine. Ngoma iliwakutanisha, na papo hapo ikawachorea mipaka. Wazee wetu nao hawajasahau wakati wa Mobutu, watu walipopangwa mistari kuwachezea wakubwa.

Kwa maoni yetu wapinzani wako sahihi kuhusu onyesho, ila wanakosea kuhusu mafunzo. Dakika tatu za jukwaani hazimfundishi mtu kitu juu ya mwenzake. Kinachomfundisha ni kukosea mbele ya mwenye ngoma na kusahihishwa.

Tazama mutuashi yenyewe. Magoti hulegezwa kidogo, nyayo hubaki chini, mabega hutulia. Kiuno peke yake ndicho kinachozunguka. Mapigo huenda tatu-tatu. Aliyezoea kuhesabu mpaka nane hukilazimisha kiuno kifuate hesabu, magoti yananyooka, na muda si mrefu mgongo wa chini unauma. Tatizo lake liko masikioni: hajaisikia ngoma. Ditumba, ngoma ya Waluba, ina tundu dogo ubavuni lililozibwa kwa utando mwembamba, ndio unaovuma kama nyuki, na utando ukipasuka safarini sauti hiyo inapotea. Toka Novemba hadi Machi ngozi hunyonya unyevu na kulegea, hivyo lazima ipashwe moto kwanza. Vikundi visivyo na subira huweka muziki wa kurekodi. Lakini rekodi haimpi mchezaji ishara ya kugeuka, kwa kuwa haimwoni.

Kwa vijana 15, Jumamosi sita za muda wa saa mbili kila moja zinatosha ngoma moja, si tatu. Mbili za mwanzo wakae chini kwenye parsele (uwanja wa nyumba) ya mpigaji, wajifunze mapigo na maana ya maneno, bila kucheza hata hatua moja. Mbili zinazofuata ni za miguu na kiuno. Mbili za mwisho wabadilishane: wageni wa ngoma hiyo waipige, wenyeji wake wacheze. Hapa ndipo heshima inapozaliwa, maana mgeni akipiga vibaya mwenyeji anakwama, na wote wawili wanaliona hilo.

Mzee anayefundisha alipwe nauli na ujira, na aulizwe mapema kipi kisitolewe nje: nyimbo za mapasa (mapacha), za matanga, za kumtawaza chifu. Akikataa wimbo, uachwe, hata kama ndio mtamu kuliko yote. Na siku ya onyesho, jina lake na la kijiji chake lisomwe kabla ya jina la mfadhili.