Planki ya dakika tatu hairushi mkuki

Mtazame mrusha mkuki kabla tu silaha haijamtoka. Mguu wa mbele umekita ardhini, nyonga imeshageukia uwanja, kifua kinaifuata, na mkono ungali nyuma kabisa. Mkono ndio unaofika mwisho. Nguvu imepanda kutoka chini, ikapita kiunoni na mbavuni, ndipo ikalifikia bega.

Kwa hiyo wanaohimiza mazoezi ya kiwiliwili, yaani misuli ya tumbo, mgongo wa chini na nyonga, wana hoja nzito. Mwaka 1995 Ben Kibler, daktari wa michezo wa Marekani, alikokotoa kwamba katika pigo la kuanzisha mchezo wa tenisi, asilimia 51 ya nishati ya mwendo hutoka miguuni, nyongani na kiwiliwilini. Nishati ya nyonga na kiwiliwili ikipungua kwa asilimia 20, kiungo cha mwisho lazima kizunguke kwa kasi zaidi kwa asilimia 34 ili mpira uende vilevile. Hesabu hiyo ya pili ndiyo inayonigusa. Kiuno kikilegea, huenda mchezaji asione upungufu wowote katika pigo lake. Deni hulipwa na bega, kimyakimya, mpaka siku litakapouma.

Watafiti Hodges na Richardson nao walionyesha mwaka 1996 kwamba mtu anapoinua mkono haraka, msuli wa ndani kabisa wa tumbo, ule unaozunguka kiuno kama mkanda, hukaza kabla ya msuli wa bega. Kwa wenye maumivu ya mgongo ulichelewa. Mwili, basi, husimamisha nguzo kwanza ndipo uutume mkono.

Lakini mtu akiuliza kama kukaza tumbo kila jioni kutamfanya arushe mbali zaidi, ushahidi unakuwa hafifu. Nesser na wenzake, mwaka 2008, waliwapima wachezaji wa kandanda ya Kimarekani wa vyuo vikuu: wanaweza kukaa muda gani katika mikao ya kukaza kiwiliwili, na wana nguvu na kasi kiasi gani. Uhusiano ulikuwa kati ya dhaifu na wa wastani, tena haukulingana kutoka kipimo kimoja hadi kingine. Eyal Lederman, mtaalamu wa tiba ya viungo, amekwenda mbali zaidi na kuiita dhana nzima hekaya. Kwake, misuli hii haifanyi kazi peke yake, na hakuna sababu ya kuitenga na mwili wote kana kwamba ni kifaa cha ziada.

Nakubaliana naye nusu. Kosa kubwa naliona katika kipimo. Mtupo humalizika katika sehemu ndogo ya sekunde. Planki, yaani kujishikilia juu ya viwiko na vidole vya miguu mwili ukiwa umenyooka, hupimwa kwa dakika. Anayeshika saa pale anapima ustahimilivu, kisha anashangaa usipofanana na kasi. Hata hivyo watetezi hawawezi kujificha nyuma ya kasoro hiyo, maana ni wao waliowapa wanamichezo planki zenyewe.

Aina ya zoezi ina uzito pia. Ukilala kwenye benchi kusukuma chuma, benchi inakushikilia mgongo. Ukisimama ukasukuma kamba ya mashine kwa mkono mmoja, mambo yanageuka: Santana na wenzake walipata mwaka 2007 kwamba kikomo cha mzigo ni kama asilimia 40 ya uzito wa mwili, na kinachokwamisha ni uwezo wa kiwiliwili kutoyumba, kifua kingali na akiba. Huyu wa pili ndiye anayefanana na mpiga ngumi au mrusha tufe. Kulalia mpira unaoyumba nako si dawa: Anderson na Behm walipima mwaka 2004 na kukuta nguvu ya kusukuma imeshuka kwa karibu asilimia 60, ilhali misuli ilikuwa inafanya kazi ileile. Jasho linaishia kwenye kutafuta mizani.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa wasichana wa mpira wa mikono, mwaka 2011. Saeterbakken na wenzake waliwafanyisha mazoezi ya kiwiliwili kwa kamba za kuning'inia kwa wiki sita, na kasi ya mtupo ikapanda kwa karibu asilimia 5. Kundi lilikuwa dogo, na wenzao waliolinganishwa nao waliendelea na mazoezi ya kawaida tu, hivyo huenda sehemu ya faida ilitokana na kufanya kazi zaidi. Bado, mikono yao ilishika sakafu au kamba huku mwili wote ukibeba mzigo, jambo lililo mbali na kujikunja tumbo mkekani.

Na kuna suala la majeraha, ambalo mijadala ya kasi na umbali hulisahau. Chaudhari na wenzake waliwafuatilia warushaji 347 wa besiboli ya kulipwa, matokeo yakatoka mwaka 2014. Wale ambao fupanyonga lao liliyumba sana walipoinua mguu mmoja walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, takriban mara tatu, wa kukosa siku 30 au zaidi kwa kuumia, wakilinganishwa na waliotulia. Huo ni uhusiano, hauthibitishi chanzo. Lakini kwa kocha mwenye kijana wa miaka 16 anayerusha mara mia kwa wiki, ningeanza na jaribio hilo la mguu mmoja kabla ya kumwongezea chuma begani.